Kufuga kiwavi wa mlimau darasani: mwongozo wa mradi wa sayansi kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu

Kila muhula unapofunguliwa, maswali huwa yale yale. Mwalimu wa darasa la pili anataka mradi wa wanyama, lakini shule haina maabara wala fungu la fedha. Mzazi anaambiwa usiku kwamba kesho mtoto apeleke "mnyama wa sayansi". Wengine wameshaanza, viwavi wao wamekufa siku ya tatu, na hawajui kosa liko wapi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya hao wote.

Mnyama ninayempendekeza ni kiwavi wa mlimau, yule ambaye mwishowe huwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Wanasayansi humwita Papilio demodocus. Anapatikana karibu kila mahali Afrika Mashariki penye mlimau, mndimu, mchungwa, mchenza au mdanzi. Hana manyoya yanayowasha, haumi, na chakula chake ni majani ya mti ule ule uliomtoa. Kuku na sungura ni wanyama wazuri pia, ila hawabadiliki umbo mbele ya macho ya mtoto ndani ya muhula mmoja. Viluwiluwi wa chura hubadilika, lakini maji yao huoza upesi na, yasipofunikwa, mbu huzaliana humo.

Nina ombi moja kabla ya yote: usichore mzunguko wa maisha ya kipepeo ubaoni kabla watoto hawajauona wenyewe. Mtoto aliyenakili ile picha ya yai, kiwavi, pupa (kiwavi aliyejifunga na kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo) na kipepeo, pamoja na mishale yake, hujiona ameshajua yote, na akiletewa kiwavi halisi hamtazami tena. Mwache aone, abishane na mwenzake, akisie. Mchoro utakuja mwisho, na utauchora pamoja naye.

Muda na msimu

Yai huanguliwa kwa siku 3 hadi 6. Kiwavi hula kwa wiki 3 hadi 4. Pupa hutulia kwa wiki 2 au 3. Joto ndilo linaloamua: Tanga, Mombasa na Dar es Salaam mambo huenda mbio, Njombe, Mbeya au Limuru huvuta, na wakati wa baridi pupa anaweza kukaa zaidi ya mwezi. Kwa hiyo tenga wiki 7 au 8 ukianza na yai. Ukianza na kiwavi aliyekwisha kua kiasi, wiki 4 au 5 zinaweza kutosha. Usianze mwezi wa mwisho wa muhula.

Wakati mzuri wa kutafuta ni wiki mbili tatu baada ya mvua kuanza, masika au vuli. Miti huchipua majani laini, na kipepeo jike hutaga kwenye majani hayo. Kiangazi utatafuta sana na kupata kidogo, labda upate mlimau unaomwagiliwa nyumbani kwa mtu.

Vitu vya kuandaa

- Boksi la kadibodi lenye kimo cha sentimita 30 au zaidi. La biskuti au la karatasi linafaa. La sabuni au la dawa liache.
- Kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na mwanga: shashi, au kile cha shela. Nusu mita inatosha.
- Gundi au selotepu, mkasi, na lastiki au uzi.
- Kichupa kidogo chenye mdomo mwembamba, pamoja na pamba.
- Magazeti ya zamani ya kutandika chini.
- Brashi laini ya rangi, ile ya kuchorea.
- Rula, karatasi za manila, kalamu za rangi, na daftari moja la mradi.
- Sahani nne kuukuu, au vifuniko vikubwa vya ndoo, kwa ajili ya kuzuia sisimizi.
- Lenzi ya mkono, kama ipo. Isipokuwepo, mradi hauharibiki.

Hakuna cha kununua kwa bei kubwa hapo. Kuna kitu kimoja tu ambacho wengi hukimbilia kwa sababu kipo nyumbani, nacho huua viwavi: chandarua. Vyandarua vingi vinavyogawiwa shuleni na zahanati vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na kiwavi ni mdudu. Hata kikiwa kimefuliwa mara nyingi, usikitumie.

Hatua ya 1: Tengeneza nyumba kabla ya kumtafuta mwenyeji

Kata dirisha kubwa kwenye pande mbili za boksi na uzibe kila moja kwa shashi, kwa gundi au selotepu. Upande wa tatu kata mlango mdogo unaofunguka na kufungika vizuri. Huo ndio utakaoutumia kila siku. Tandika gazeti chini. Simamisha ndani vijiti viwili vitatu vikavu, vikiegemea ukuta kutoka chini hadi juu. Vijiti hivyo vitaonekana havina kazi wiki za mwanzo, lakini usivitoe.

Boksi liweke mahali penye mwanga lakini jua lisilipige moja kwa moja. Miguu ya meza ikae ndani ya sahani zenye maji yaliyotiwa sabuni kidogo, ili sisimizi wasipande. Meza iwe mbali na ukuta kiasi cha kiganja, maana sisimizi wakikosa njia ya chini hupitia ukutani.

Kwa nini nasisitiza boksi na si chupa? Chupa ya plastiki iliyofungwa hukusanya unyevu kutoka kwenye majani. Matone hujaa pembeni, kinyesi kinaota ukungu, na viwavi wanaugua. Kadibodi na shashi hupumua.

Hatua ya 2: Tafuta mti usiopuliziwa dawa

Muulize mwenye mti, tena muulize waziwazi: "Umepulizia dawa yoyote mwezi huu?" Jani lililopuliziwa halionyeshi dalili yoyote, nawe utagundua tu pale viwavi watakapoanza kujikunja na kuanguka. Mlimau wa nyuma ya nyumba mara nyingi ni salama kuliko shamba la biashara.

Ukiwa maeneo ya michungwa kama Muheza, nenda kwa wanaootesha miche. Kwao kiwavi huyu ni adui, kwa sababu viwavi wachache tu wanaweza kuumaliza mche mchanga majani yote. Mara nyingi watafurahi ukiwaondolea.

Hatua ya 3: Tafuta mayai na viwavi wadogo, si wakubwa

Angalia majani machanga, yale ya kijani kilichofifia yaliyo kwenye ncha za matawi. Yai ni duara dogo la manjano hafifu, kipenyo chake milimita 1 hivi, na hukaa peke yake juu ya jani. Kipepeo jike hatagi mafungu. Huonja jani kwa miguu yake ya mbele, hutaga yai moja, huruka kwenda jani lingine.

Kiwavi mdogo ni rahisi kumpita bila kumwona, kwa kuwa anafanana kabisa na kinyesi cha ndege: kahawia iliyokoza, na baka jeupe katikati. Waambie watoto watafute "kinyesi cha ndege chenye kichwa". Watawaona kabla yako.

Kiwavi mkubwa, aliyekwisha kuwa wa kijani, huvutia zaidi, lakini naomba uwe na subira. Yule mkubwa amekaa nje siku nyingi, na huenda nzi au nyigu wadogo wameshataga mayai ndani yake. Utamlisha wiki nzima, kisha badala ya kipepeo watoke nzi. Yai na kiwavi mchanga wana usalama zaidi.

Chukua viwavi 3, wasizidi 5. Najua darasa lina watoto sitini na kila mmoja anataka wake. Viwavi 5 waliokua hula majani mengi sana kwa siku, na viwavi 20 watamaliza mti wa jirani na uvumilivu wake. Watoto sitini wanaweza kutazama kwa zamu, tena wanatazama vizuri zaidi.

*Angalizo:* Mlimau na mndimu ina miiba. Mtu mzima ndiye akate matawi. Na watoto waambiwe mapema kabisa kwamba kiwavi yeyote mwenye manyoya haguswi, hata akionekana mzuri kiasi gani, kwani wengi wao huwasha vibaya.

Hatua ya 4: Wachukue pamoja na tawi lao

Usimbandue kiwavi kwenye jani. Kucha zake ndogo hushika sana, na ukimvuta unaweza kumjeruhi bila kujua. Kata kijitawi chote alichokaa. Ukilazimika kumhamisha, mguse nyuma taratibu kwa brashi mpaka atembee mwenyewe hadi kwenye jani jipya.

Tia kijitawi kwenye kichupa chenye maji na uzibe mdomo kwa pamba kuzunguka tawi. Pamba hiyo ni ya lazima. Kiwavi hushuka na tawi, akikuta maji wazi huingia na kufa. Kwa sababu hiyo hiyo usimwekee bakuli la maji ya kunywa. Maji yote anayohitaji yamo ndani ya majani.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, uliza tu

Siku hii usifundishe kitu. Wape watoto muda wa kutazama kwa vikundi vya watano watano, kisha uliza: Kichwa kiko upande gani? Unajuaje? Ana miguu mingapi? Anakula kutoka ukingoni mwa jani au katikati? Ana macho?

Swali la miguu ndilo bora kuliko yote, kwa sababu majibu hayatalingana. Karibu na kichwa kuna jozi 3 za miguu midogo yenye ncha. Nyuma yake kuna jozi 5 za miguu minene, laini, ya kushikilia. Mmoja atasema 6, mwingine 10, mwingine 16. Usimkate mtu. Andika majibu yote ubaoni na uwaambie watazame tena kesho. Wiki kadhaa baadaye, kipepeo atakapotoka na miguu 6 tu, watoto wenyewe watakuuliza ile mingine imekwenda wapi.

Hatua ya 6: Lisha na safisha kila asubuhi

Kazi hii ichukue dakika 10 kabla ya kipindi cha kwanza. Panga zamu ya watoto wanne: wa majani, wa usafi, wa kupima na wa kuandika.

1. Nawa mikono kwa maji. Kama umepaka mafuta au dawa ya mbu mikononi, nawa kwa sabuni na usuuze sana.
2. Toa gazeti la jana pamoja na kinyesi. Tandika jipya.
3. Leta kijitawi kipya, kilichooshwa kwa maji safi na kukaushwa. Kiweke kigusane na cha zamani.
4. Subiri viwavi wahame wenyewe, hata kama ni mpaka saa nne. Ndipo utoe tawi la zamani.
5. Kagua lile tawi la zamani kabla ya kulitupa. Viwavi wadogo hutupwa hivi kila siku.
6. Nawa mikono tena kwa sabuni.

Majani yawe ya jamii ile ile ya mlimau. Wakati mwingine mtu huishiwa majani Ijumaa akajaribu ya mwembe au mchicha. Kiwavi hatayala, atakufa njaa huku amezungukwa na majani. Kwa Jumamosi na Jumapili, boksi liende nyumbani kwa mwalimu au kwa mzazi mwenye mlimau, lisiachwe darasani.

*Angalizo:* Darasa lisipuliziwe dawa ya wadudu wala isichomwe dawa ya mbu mradi ukiendelea. Mweleze mlinzi na mhudumu wa usafi, siyo mwalimu mkuu peke yake.

Hatua ya 7: Pima, linganisha, andika

Hapa ndipo kiwavi anapokuwa somo la sayansi. Kumfuga bila kuandika ni starehe nzuri, lakini baada ya wiki mbili hakuna mtoto atakayekumbuka alikuwa mdogo kiasi gani.

Kwa darasa la kwanza rula bado ni ngumu. Tumia vipande vya karatasi. Kila Jumatatu na Alhamisi, shika ukanda wa karatasi karibu na kiwavi bila kumgusa, ukate urefu sawa na wake, uubandike kwenye manila na uandike tarehe chini yake. Baada ya wiki tatu kutakuwa na safu ya vipande vinavyopanda kama ngazi, kuanzia kile cha milimita 3 mpaka cha sentimita 4 na zaidi. Hiyo tayari ni chati ya nguzo, na imetengenezwa na watoto ambao hawajawahi kulisikia jina hilo.

Darasa la pili na la tatu watumie rula na wajaze jedwali lenye safu hizi: tarehe, urefu, rangi, idadi ya majani aliyopewa, yaliyobaki, na "leo nimeona nini". Safu hiyo ya mwisho usiisahihishe tahajia. Mtoto akiandika "leo ametoa pembe amekasirika", liache hivyo hivyo, kisha muulize: umejuaje kwamba amekasirika?

Pembe hizo ni za kweli. Kiwavi akisumbuliwa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, na ndiyo silaha yake ya kuwafukuza maadui. Hazichomi. Darasa zima lionyeshwe mara moja, inatosha. Kumchokoza kila siku ni kumtesa.

Kingine cha kuandika ni kinyesi. Kung'uta gazeti na mhesabu. Watoto watacheka sana siku ya kwanza, kisha watagundua wenyewe kwamba vidonge vinakuwa vikubwa kadiri kiwavi anavyokua.

Hatua ya 8: Majaribio mawili madogo

*Jani lipi?* Chukua sahani. Weka jani la mlimau, la mwembe, la mpera na la mhindi, kila moja upande wake. Kila mtoto aseme kwanza anakisia nini, na iandikwe. Kisha weka kiwavi katikati na mtazame kwa dakika 20 au 30. Rudia na kiwavi wa pili, kwa sababu kiwavi mmoja anaweza kufika kwenye jani sahihi kwa bahati. Mkimaliza, warudishe nyumbani kwao.

*Pupa wa rangi gani?* Pupa wa kipepeo huyu huweza kuwa wa kijani au wa kahawia, kutegemea mahali alipojifunga. Ndani ya boksi weka vijiti vikavu vya kahawia na matawi mabichi yenye majani. Watoto waandike kila mmoja alijifunga wapi na akawa rangi gani. Mkiwa na pupa 4 tu, matokeo yanaweza yasiwe safi. Andikeni yalivyo. Mtoto anayeruhusiwa kuandika "huyu hakufanya kama tulivyosema" amejifunza kitu kikubwa kuliko rangi ya pupa.

Hatua ya 9: Tambua siku ya kuacha kula

Kiwavi hujivua ngozi mara kadhaa. Kabla ya kujivua hukaa kimya karibu siku nzima, hali, hatembei. Watoto watasema amekufa na kuanza kumgusa. Wazuie: akiguswa wakati huo anaweza kushindwa kujivua. Baada ya kujivua kwa mara ya mwisho huacha ile sura ya kinyesi cha ndege na kuwa wa kijani mwenye michirizi. Hili lishangiliwe.

Akifika sentimita 4 au zaidi, siku moja atafanya mambo ya ajabu: ataacha kula, atatoa kinyesi cha majimaji, na ataanza kuzungukazunguka boksi zima kana kwamba anatafuta mlango. Wengi hapo hudhani anaumwa na kumtupa. Haumwi. Anatafuta pa kujifunga. Funga mlango vizuri, maana akitoka utamkuta nyuma ya kabati.

Akipata kijiti kinachomfaa hujishika mkiani, huzungusha uzi wa hariri kiunoni, hutulia kichwa kikiwa juu. Siku inayofuata au baada ya hapo ngozi hupasuka na pupa huonekana. Tukio hilo ni la dakika chache. Ukibahatika litokee saa za masomo, simamisha somo lolote unalofundisha.

Hatua ya 10: Pupa aachwe

Usimhamishe, usimbandue. Toa majani na kichupa, acha vijiti. Siku za joto kali nyunyiza maji kidogo sana kwenye shashi, si juu ya pupa.

Kipindi hiki watoto huchoka kwa sababu hakuna kinachoonekana. Tumia wakati huo kuzungumza. Wakiuliza ndani kuna nini, waambie ukweli: mwili wa kiwavi unavunjwa na kujengwa upya kuwa wa kipepeo. Kama mko Pwani ya Kenya, hizi ndizo wiki za kufikiria safari ya Gede, karibu na Malindi, ambako wakazi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo tangu 1993 kupitia mradi wa Kipepeo, na kuuza pupa kwa mabustani ya maonyesho ng'ambo. Unguja kuna kituo cha vipepeo pale Pete, karibu na msitu wa Jozani. Watoto hushangaa kusikia kwamba kile kilichomo ndani ya boksi lao la biskuti ni kazi ya mtu mzima mahali fulani.

Hatua ya 11: Siku ya kipepeo

Pupa akianza kuwa mweusi na madoa ya manjano ya mabawa yakaonekana kupitia ganda, kesho yake au kesho kutwa atatoka, mara nyingi asubuhi. Hakikisha pembeni na chini ya kila pupa kuna nafasi ya sentimita 15 isiyo na kitu. Mabawa ya kipepeo huyu yakikunjuliwa hufika sentimita 10 hadi 13, na hutoka yakiwa yamesinyaa. Ana muda mfupi wa kuyajaza. Yakigusa ukuta yatakauka yakiwa yamepinda, na hataruka maisha yake yote.

Hapa mtu yeyote asimsaidie. Mtoto mwenye huruma atataka kupasua ganda. Mshike mkono, mweleze kwamba ile nguvu ya kujitoa ni sehemu ya kazi yake. Atadondosha majimaji, pengine mekundu. Siyo damu, ni uchafu uliobaki mwilini tangu alipokuwa pupa. Mwambie mtoto kabla hajaogopa.

Mabawa hujaa kwa nusu saa hivi na yanahitaji saa kadhaa kukauka. Mchana, akishaanza kuyapiga, fungua boksi nje mahali penye maua na jua. Mvua ikinyesha au jioni ikiingia, mwache boksini mpaka asubuhi. Usiku mmoja bila chakula haumdhuru. Asikae zaidi. Na asichomwe pini na kuwekwa ukutani. Mchoro wa mtoto unatosha kuwa kumbukumbu.

Hatua ya 12: Sasa chora

Leta manila nyeupe. Watoto waseme nini kilianza, nini kikafuata, siku ngapi kila hatua, wakisoma kutoka kwenye daftari lao. Mchoro ukiwa na tarehe zenu na vipimo vyenu, bandika mlangoni wazazi wauone.

Mambo yakiharibika

*Yai limekuwa jeusi na halianguliwi.* Kabla ya kuanguliwa yai hubadilika rangi, kwa hiyo subiri siku mbili. Likibaki jeusi, nyigu wadogo mno walishataga ndani yake. Tafuta lingine.

*Viwavi wamelegea, wamekuwa weusi na majimaji.* Huu ni ugonjwa, na chanzo chake huwa unyevu na msongamano. Watoe haraka waliokufa, tupa gazeti na majani yote, na walio wazima wahamishie boksi jipya kabisa. Lile la zamani lichome.

*Wamekufa wote usiku mmoja bila dalili.* Fikiria dawa: majani yaliyopuliziwa, chandarua, dawa ya mbu, au mafuta ya mikononi. Badili mti.

*Kiwavi hali, ametulia, lakini rangi yake ni nzuri.* Huenda anajiandaa kujivua ngozi. Mwache siku nzima.

*Funza wametoka kwenye kiwavi au pupa, au pupa ana tundu dogo na nyigu wadogo wamejaa boksini.* Hao ni wale waliotaga ndani yake alipokuwa nje. Usiwafiche watoto wala usiwaite nyigu wabaya. Nao wana maisha yao, na ndio wanaozuia viwavi wasimalize milimau yote. Chora mzunguko huo nao.

*Pupa ameanguka.* Kunja karatasi ngumu iwe kama kikoni cha muuza karanga, mweke ndani kichwa kikiwa juu, na kikoni kibandike kwenye ukuta wa boksi. Karatasi iwe na ukwaruzo ili kipepeo apate pa kushika akipanda.

*Kipepeo ametoka na bawa lililopinda.* Hataweza kuruka. Mweke juu ya maua mapya kwenye boksi, au mpe sukari kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji juu ya pamba. Ataishi siku chache. Watoto wakiuliza kama atapona, jibu ni hapana, na waambiwe hivyo kwa upole.

*Sisimizi wamefika licha ya sahani za maji.* Tafuta daraja: uzi, jani, pazia au ukuta unaogusa meza. Lipo.

*Shule inafungwa na pupa bado hajatoka.* Boksi lote, bila kutoa kijiti, libebwe likiwa limesimama wima hadi kwa mzazi anayeishi karibu. Aliweke mahali penye kivuli, mbali na kuku na mijusi, na alifungue nje siku kipepeo atakapotoka. Daftari la mradi liende naye, ili tarehe ya siku hiyo iandikwe na shule ikifunguliwa watoto wakamilishe hesabu yao ya siku.